Elektroni na Salamu za Jumapili

Mjukuu wangu wa kike alikuja Njombe amenuna. Walimu wake wa chuo kikuu walikuwa wamemsikiliza akieleza utafiti wake wa fizikia, wakampa wiki mbili ajipange upya: anajua anachosema, ila hakuna aliyemwelewa. Akishindwa tena, masomo yanaishia hapo.

"Nikikueleza wewe ukaelewa, Babu, nimepona."

Nilimshukuru Mungu kwa heshima ile, ingawa nilijua kwa nini alinichagua mimi.

Kila siku baada ya sala ya asubuhi alinieleza habari za nusumetali za kitopolojia. Ni fuwele ambazo ndani yake elektroni zina njia mbili, na njia hizo zinagusana mahali fulani. Elektroni zikifika hapo hukimbia kama hazina uzito. Ukiitikisa fuwele au ukiichafua kidogo, mahali pale hapafutiki. Mpaka hapo nilimfuata. Lakini katika fuwele yake yeye, elektroni husukumana na kuangaliana mno, mwendo wake ukawa mzito, na bado njia zinagusana.

"Zimebeba nini?" niliuliza.

"Hazijabeba kitu, Babu."

"Basi zimezeeka."

Nimekuwa katekista miaka mingi na nimefundisha watoto Utatu Mtakatifu, hivyo naujua uso wa mtu anayeitikia bila kuelewa. Safari hii uso ule ulikuwa wangu, naye aliuona.

Jumapili ya kuondoka, gari la jirani lilimngoja nje ya lango la kanisa, begi lake likiwa ndani tayari, limwahishe kwenye basi Makambako.

"Misa ikiisha, mlangoni hadi langoni dakika moja," alijigamba. "Kama elektroni isiyo na uzito."

Siwezi kumsingizia shetani. Wakati wa matangazo niliinama mwenyewe, nikamnong'oneza kiongozi wa akina mama: "Mjukuu wangu anasafiri leo." Kwetu msafiri haagwi kwa kupungiwa mkono.

Alipotoka tu, alidakwa kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene!"

"Kamwene, mama."

"Za masomo? Mama yako mzima? Mvua huko zinanyesha?"

Hajajibu, wa pili amemshika mkono. "Ngoja kwanza, dada yangu yuko nyuma, hatatusamehe." Bibi mmoja akamzibia njia kwa fimbo: "Mke mwenzangu, unatoroka bila kuniaga?"

Mimi nilikuwa nimetangulia langoni, pale njia mbili za uwanjani zinapokutana. Nikapaza sauti: "Umebeba nini hata uwe mzito hivyo?"

Alitazama mikono yake mitupu. Akalitazama lango. Kisha akacheka hadi akashika magoti.

"Salamu, Babu! Hakuna aliyebeba kitu, ila hakuna anayeweza kumpita mwenzake! Na lango halijasogea!"

Ndipo nilipoielewa fizikia, saa nzima baada ya baraka. Nilipanda naye gari; Makambako tulilikuta basi linaunguruma, akarukia mlangoni. Wiki ile niliungama. Padre alicheka kabla ya kunipa malipizi.

Siku ya mtihani simu iliita.

"Wamenipitisha, Babu! Niliwaeleza uwanja wa kanisa, wakaelewa."

Nilisema asante Mungu mara tatu.

"Lakini Babu, wale akina mama, nani aliwaambia naondoka?"

"Kamwene," nilisema. "Za huko? Mvua zinanyesha?"