Ndege Asiye na Mabawa

Kuku wa sokoni hawakumjua kwa jina, lakini kivuli chake kikipita juu ya tenga, wote walinyamaza. Watu walimwita Jemadari. Tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: mkono unazama tengani, unabana mabawa mawili pamoja kwa nyuma, ndege analazwa chini, mguu unakanyaga mabawa, kisu kinapita. Kabla yule hajamaliza kurukaruka kwenye ndoo, mwenzake keshakamatwa. Jogoo mmoja aliwahi kumchana kiganja kwa kipi, ule mwiba wa mguuni, mpaka weupe wa mfupa ukaonekana. Saa sita mchana jogoo huyo alikuwa kwenye masufuria ya watu wanne tofauti.

"Ndege ni mabawa," Jemadari alikuwa akisema. "Mnyang'anye hayo, vita vimekwisha."

Jumapili moja binti yake akamjia. "Mama, leo hakuna damu. Twende kwenye hifadhi ya wanyama wa ng'ambo. Mtembeze mjukuu wako."

"Niende kutazama nyama isiyouzwa?"

Hata hivyo alikoga, akasugua kucha kwa brashi, akaenda.

Kumbe damu ilikuwa imewatangulia. Walifika wakati chui milia wawili, ndugu wa tumbo moja, wanalishwa. Nusu mbuzi ikarushwa juu ya ukuta. Mmoja akaidaka mguu, mwingine akamdaka ndugu yake shingo. Wakabingirika, vumbi likatimka, na walipoachana sikio la mmoja lilikuwa linaning'inia kwa kipande cha ngozi. Watu wakapiga picha.

"Bibi, wanacheza?" akauliza mjukuu, binti wa miaka minne.

"Wanakula, mke mwenzangu. Penye nyama hakuna undugu."

Kwenye uzio wa mwisho alikuwa kasuari. Hebu mfikirie mbuni aliyekasirika tangu azaliwe: manyoya meusi, shingo ya buluu, pembe bapa utosini, na kwenye kila mguu ukucha mmoja mrefu kama kisu cha kuchunia. Nyuma yake walifuatana vifaranga watatu wenye mistari. Mtunza wanyama alikuwa akisukuma sinia la matunda kupitia kidirisha kilicho chini ya uzio.

"Huyu ni dume," alisema. "Jike hutaga akaenda zake. Baba ndiye anaatamia, baba ndiye analea. Akiwa na watoto, hata mimi ninayemlisha simpi mgongo."

"Mwanaume analea?" Jemadari akapiga makofi. "Mfungulie basi, aje awafundishe wa mtaani kwetu!"

Mtunza akageuka kucheka naye, na komeo la kidirisha halikurudi mahali pake. Vifaranga wakayakimbilia matunda. Mtoto akauachia mkono wa bibi yake, akalala kifudifudi, akapenya.

Binti wa Jemadari ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Mtoto alikuwa amesimama ndani, kifaranga kifuani, anatabasamu. Kasuari aliinamisha kichwa, akaanza kukimbia.

Mtunza alikimbilia lango, uliko ubao wake wa kujikingia. Jemadari hakumngoja. Aliuparamia uzio, sketi ikachanika mpaka kiunoni, akaangukia magoti katikati ya mtoto na ndege. Mikono ikafanya inachokijua. Ilizunguka ubavuni mwa ndege, ikabana kwa nyuma, na haikukuta kitu. Mabawa hayakuwepo! Manyoya tu, marefu kama nywele, yakimponyoka vidoleni.

Teke la kwanza lilimpasua paja. La pili lilimpata mbavuni, akasikia kitu kikivunjika ndani kama kijiti kikavu. Akaishika shingo kwa mikono yote miwili. Shingo ya kuku ni mzungusho mmoja, lakini hii ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe, na ilimkokota kwenye matope huku miguu ikiendelea kuchana.

"Toka nje! Mke mwenzangu, toka!"

Mtoto alikuwa ameganda. Kifaranga alilia kwa nguvu, na kila alipolia, teke likaja. Hapo Jemadari akaelewa, maana hata kuku wa tengani hakuachi ukiwa umemshikia mwanawe.

"Mweke chini kifaranga!"

"Ni wangu!"

"Mweke chini!"

"Wangu!"

Jemadari akaiachia shingo. Akajitupa kwa mtoto, akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa chui milia. Hakuwa amewahi kumgusa hata kwa ukope. Mikono midogo ikafunguka, kifaranga akadondoka, akapepesuka, akamkimbilia baba yake. Kasuari akasimama, akamdonoadonoa kana kwamba anamkagua. Mtunza akafika na ubao, akamsukuma ndege pembeni, na Jemadari akamvuta mjukuu wake chini ya tumbo lake na kulala hapo hapo, damu yake ikiloweka gauni la mtoto.

Hospitalini alishonwa paja, akafungwa mbavu. Siku ya tatu binti yake alimleta mtoto, ambaye alijificha nyuma ya sketi ya mama yake na kukataa kusogea.

"Anasema wewe ndiye uliyempiga, si ndege," binti akasema, macho chini. "Usiku anashtuka, anakutaja wewe."

Maumivu ya mbavu Jemadari alikuwa ameyazoea, lakini hili halikuwa na dawa ya nesi.

"Njoo, mke mwenzangu."

"Utanipiga tena?" likauliza jicho moja kutoka nyuma ya sketi.

Angeweza kudanganya. "Ukiingia tena kule, nitakupiga. Na kofi kali kuliko lile."

Mtoto akachungulia kwa macho yote mawili. Kisha akatoka, akavua viatu, akapanda kitandani kwa magoti, akipitia juu ya paja lile lile lenye nyuzi. Jemadari akauma shuka, akamkumbatia.