Tairi za Kwenda Shamba

Mwaka ule mume wangu alipopoteza macho, tairi za gari letu nazo zilikuwa zimelika mpaka zikawa laini kama upara. Fundi mmoja wa mtaa wa Kimbo, ambaye nilikuwa nimemwendea kwa sababu ya breki, alizipapasa akaniambia, "Mum, na hizi usingoje mvua."

Ni pikapu nyeupe ya kawaida. Mume wangu aliiendesha miaka mingi akiwapelekea wateja wetu chakula cha kuku. Duka letu liko Gatongora. Mimi nilikuwa mtu wa dukani, yeye mtu wa barabarani, na hivyo ndivyo tulivyolea watoto wetu mpaka wote wakatoka nyumbani. Kisha akaanza kugonga vitu. Kwanza geti, halafu baiskeli ya jirani iliyokuwa imeegeshwa pale inapoegeshwa siku zote. Alisema ni usingizi. Tulipofika kwa daktari tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Akapewa dawa ya matone ya kulinda kidogo kilichobaki. Hicho kidogo nacho kikaenda. Nikajifunza kuendesha gari uzeeni, nikifundishwa na msichana mdogo kuliko kitindamimba wangu.

Kwa hiyo mambo ya tairi yakawa yangu, na nilijua ninachotaka. Nilitaka tairi za lami, zisizo na kelele, zinazodumu. Safari zangu zilikuwa za Kimbo, za Thika kuchukua magunia, na kanisani Jumapili. Nilimwambia mume wangu tukinywa chai.

"Aca," akakataa, akitikisa kichwa. "Chukua za kati. Zile zinaenda lami na zinaenda vumbi. Hizo zako zitatuacha kwa ule udongo mweusi."

"Udongo gani?"

"Wa shamba. Kwani kuna mwingine?"

Shamba letu liko mashariki ya Thika, ukishaacha barabara ya Garissa, upande wa Gatuanyaga, mahali ambapo mlima wa Kilimambogo unauona wote kuanzia chini hadi juu. Tulilinunua tukiwa na nguvu. Mpango ulikuwa kwamba siku moja tufunge duka, tuhamie huko, tufuge kuku wetu badala ya kulisha wa watu. Alikuwa amejenga chumba kimoja cha mabati, akapanda mipapai, na akachimba kwa mikono yake shimo kubwa la kuvuna maji ya mvua. Tangu macho yaende hatukuwa tumekanyaga huko. Moyoni mimi nilikuwa nimeshaliaga, ila sikuwa nimepata mdomo wa kumwambia. Hata asubuhi ile sikumwambia. Tulibishana tu juu ya meno ya tairi, ipi ina meno makubwa na ipi ina madogo, chai ikapoa.

Tulienda Thika pamoja. Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo, mtulivu. Aliniangalia mimi, akauliza, "Mum, hii gari inatembea wapi sana?"

Mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Inatembea lami na inatembea shamba. Uliza mimi, hiyo gari ndiyo naijua."

Muuzaji akamtazama vizuri, akaona fimbo yake ya kupapasia njia, na kuanzia hapo maneno yote akamwelekezea yeye. Nilimshukuru kimoyomoyo. Akatubiringishia tairi za aina tatu, akazisimamisha mbele yetu. Mume wangu akachuchumaa. Ya kwanza, ile niliyoitaka mimi, aliipitishia kiganja mara moja tu akaiacha. Ya pili ilikuwa ya matope, meno makubwa yaliyoachana kama ya mtoto wa shule.

"Hii itatupigia kelele kutoka hapa mpaka Ruiru," akasema, "na lami itaimaliza haraka. Sisi hatuendi msituni. Ni ile njia tu ya shamba."

Ya tatu alikaa nayo. Alisukuma vidole katikati ya meno kupima kina, kisha akaukandamiza ubavu kwa gumba. "Gari inabeba magunia," akanieleza, kana kwamba sikuwa nimeyapakia mimi mwenyewe juzi. "Ubavu ukiwa laini, jiwe moja la barabara ya murram linaupasua. Huu ni mgumu. Sasa tuone kama haijazeekea hapa dukani."

Mwaka wa kutengenezwa huwa umechapwa ubavuni, tarakimu zilizoinuka kidogo. Zamani alikuwa akizisoma akiwa amesimama. Siku hiyo alizitafuta kwa kidole, akazipata, akaanza kuzifuata. Alirudia. Akabadilisha kidole, akarudia tena. Muuzaji akataka kusema kitu, nikamwinulia mkono anyamaze. Nilikuwa nikiomba Mungu ampe walau hiyo tarakimu moja.

"Nisomee," akasema mwishowe, bila kuinua uso.

Nikamsomea. Haikuwa nzee. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa akikijua tayari, na muuzaji akajifanya ana kazi upande mwingine.

Nilikubali tairi hizo bila kuamini kwamba tunazihitaji. Tangu apofuke, mume wangu alikuwa akiomba kila kitu: asogezewe chumvi, aambiwe nani ameingia, ashikwe mkono kwenda msalani mahali pa ugeni. Hili lilikuwa jambo la kwanza kubwa aliloamua mwenyewe. Niliitikia kwa kichwa, nikakumbuka hanioni, nikasema, "Sawa, baba. Wafunge hizo."

Jumamosi iliyofuata, mvua ikiwa imenyesha katikati ya wiki, nilimkuta mezani amevaa gambuti, viatu vyake vya mpira vya matope, tangu asubuhi. Hatukuwa tumepanga chochote. Nikachukua funguo.

Kuanzia tulipoacha barabara ya Garissa, yeye ndiye alikuwa macho yangu. "Hapa kuna tuta. Sasa shuka polepole, kuna mtaro. Ukiona kanisa la mabati, kata kulia." Nikaendesha na kuendesha, kanisa la mabati sikuliona. Nilipogeuza gari ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimelipita. Nikamwambia wamejenga la mawe, tena lina mnara.

"Hawakungoja," akasema.

Mbele kidogo ule udongo mweusi ukatukamata. Tairi za nyuma zilizunguka papo hapo, meno yakajaa matope mpaka yakafunikwa. Nilikanyaga mafuta kwa woga.

"Wacha kukanyaga. Zima."

Akateremka. Alitembea akiwa ameweka mkono kwenye bodi ya gari, akafika kwenye tairi, akachuchumaa, akatafuta kijiti cha kubonyeza valvu. Upepo ukaanza kutoka. Alikuwa ameinamisha sikio akisikiliza, na aliposikia umetosha aliachilia, akaenda kwenye nyingine. "Sio nyingi," alisema. "Ilale tu kidogo, ipate kushika. Tukifika lami tutajaza." Aliporudi, suruali yake ilikuwa matope hadi mapajani. "Gia ya pili. Polepole. Breki usiiguse."

Gari likajikokota, likateleza, likashika. Tulipotoka ng'ambo alicheka, nami nikacheka, na kwa muda mfupi tulikuwa wale watu wa zamani.

Shamba lilikuwa limekufa. Ua ulikuwa umeng'olewa, mbuzi wamekula magome ya mipapai, na iliyosalia ilikuwa imesimama mikavu kama vijiti. Bati mbili za chumba hazikuwepo. Aliniuliza kukoje nikamwambia nyasi zimemea sana. Hilo lilikuwa kweli. Akaniachia mkono, akasema anataka kutembea peke yake, kila mahali hapo anapajua.

Nilimwacha. Nikaenda kuangalia mlango, kama kufuli bado ipo. Nilipogeuka nilimwona anaelekea kwenye shimo la maji, haraka kuliko alivyokuwa akitembea nyumbani, fimbo ikipiga nyasi ndefu ambazo hazikumwambia kitu. Kingo zilikuwa zimebomoka kwa mvua, na shimo sasa lilikuwa pana kuliko alivyoliacha.

"Simama," nikaita. "Simama hapo hapo."

Akasimama. Akanyoosha fimbo mbele, ikagusa hewa. Akaishusha, ikashuka yote, mkono ukafuata, bado haikugusa chini. Nilipomfikia nilikuwa nahema. Yeye alikuwa ametulia, uso umekauka.

"Hili nilichimba mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Nilikuwa najua liko kule mbele."

Jirani yetu, mama mmoja mkulima ambaye tulikuwa tukimwachia ufunguo, alikuwa ametuona akaja kutusalimia. Aliomba msamaha kwa ajili ya mbuzi. Mume wangu alimwuliza kama mahindi yake yamefanya vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Hapa lima tu. Lima pote, sisi hatutakuja sasa. Lakini hili shimo ulizibe. Usiliache hivi siku nyingi."

Mama yule akaniangalia. Ndivyo shamba letu lilivyoisha, yeye ndiye aliyelimaliza, na mimi niliyelitaka liishe nilishindwa kuzuia machozi.

Tulijaza upepo Makongeni, tukarudi nyumbani. Kwenye lami tairi zilivuma kidogo, si sana.

Asubuhi yake, kabla ya kanisa, sikumkuta kitandani. Alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda kando ya gari, kijiti mkononi, anatoa matope yaliyokauka katikati ya meno ya tairi. Alikuwa akitafuta kila pengo kwa kidole kwanza, kisha anachokoa, kisha anapapasa tena kuhakikisha. Nilitaka kumwambia kwamba nitalipeleka gari kuoshwa. Nikaweka funguo mfukoni, nikavuta ndoo, nikaikalia kusubiri amalize.