Macho ya Kizito

Wamboi hakuwa mtu wa kumaliza picha. Nasema hivyo nikimpenda, maana tulipanga chumba kimoja pale Kitale, yeye na kompyuta yake ya kutengenezea picha upande wa ndani, mimi na cherehani yangu mlangoni, na sikuwahi kumsikia akimwambia mteja "iko tayari" bila kuongeza "lakini ngoja kidogo." Mteja angojee kidogo, kidogo iwe jioni. Bibi wa watu ataletwa kwenye picha na mikunjo yake yote, atoke pale uso laini kama sabuni mpya, wajukuu waulizane huyu ni nani. Nilikuwa nikimtania, "Wamboi, mimi nguo ikiisha nakata uzi. Wewe uzi wako uko wapi?" Anacheka tu, anasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

Kazi aliijua. Shida yake ilianzia kwingine. Nyumba ya wazazi wake, waliohamia kijiji cha Kwanza kutoka Murang'a, iliteketea Januari ya 2008, ule mwezi wa vurugu za uchaguzi ambao sisi wa huku hatupendi kuuongelea, na picha moja tu ya marehemu baba yake, mzee Ndirangu, ikapatikana kwenye majivu na shavu moja limeungua. Wamboi akaiingiza kwenye kompyuta, akaanza kulijenga lile shavu. Kila akilijenga, baba anageuka kidogo kuwa mtu mwingine. "Nikikisia nampoteza," aliniambia siku moja, "na nisipokisia anabaki na shimo." Nilimhurumia.

Ndipo akajitungia kanuni. Alisema picha imeisha pale ambapo mtu aliyeujua ule uso anaitazama, na jicho lake halikimbilii mahali ulipotengeneza. Kama mtu wa namna hiyo hayupo, huwezi kumaliza. Unaweza tu kuchoka.

Mwaka huohuo, mwezi wa tisa, akaja mzee Wabwile kutoka Kimilili, mwenye duka la mbegu na mbolea, amevaa koti zito na sidii mfukoni. Alinisalimu kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kibukusu, na uso ukamwanguka. Maskini, alikuwa amepita studio zote za nyumbani akaja Kitale asijulikane, na mtu wa kwanza kukutana naye mlangoni ni mimi, Phelista wa Malakisi, jirani na kwao. Lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo. Akaingia.

Picha ilikuwa ya mwanawe, Kizito, siku ya kutahiriwa, Agosti ile. Kijana amepakwa matope toka utosini, amesimama wima kama nguzo, nyuma yake alfajiri haijakucha vizuri na watu wamejazana. Inaanzia kifuani kwenda juu, nashukuru. Na macho yamefumbwa.

Wamboi hakuona ubaya wowote, ikabidi nimweleze. Kwetu kijana anapokabili kisu hatikisiki na hapepesi. Akipepesa tu, hilo atazeeka nalo; ataoa nalo, watalitaja hata siku ya mazishi yake. Kizito alisimama, ngariba akapuliza firimbi kwamba mambo ni sawa, vigelegele vikapigwa, zawadi zikatolewa. Yakaisha. Kisha mzee akapeleka picha Bungoma mjini ikuzwe, mdogo wake anayekaa huko akaiona, akacheka mbele ya watu: "Kumbe alifunga macho." Neno likapanda mpaka Kimilili, likamkuta kijana darasani.

"Desemba ni ile sherehe ya vijana waliotahiriwa," mzee akasema. "Watu watakuja kwangu kula. Hii picha itakuwa ukutani, na macho imefunguka. La sivyo kijana yangu ataitwa mwoga mpaka afe."

Wamboi akamweleza kwamba kamera hizi ndogo humulika mara mbili. Ule mwanga wa kwanza unakufumbisha, wa pili ndio unapiga picha ukiwa umefumba. Si mwoga huyo, ni kamera.

"Hiyo maneno utazunguka nayo Bungoma yote ukiambia watu?" mzee akamuuliza.

Basi Wamboi akashika kazi. Kwanza akatoa macho kwenye picha ya Kizito ya shule. Mzee alipoitazama akakunja uso. "Hii ni macho ya mtu ameitwa kukula." Akarudi safari ya pili, Wamboi amepachika macho ya askari mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. "Huyu sasa anataka kupigana." Safari iliyofuata ningeapa mimi mwenyewe kwamba yule kijana alizaliwa akitazama vile. Wamboi alikuwa ameweka hata kivuli cha matope chini ya nyusi. Mzee akaitazama muda mrefu, akapangusa kioo kwa kiganja kama kwamba kina vumbi.

"Si yeye," akasema.

Sijawahi kumwona Wamboi amechoka vile. Chakula alikuwa anakiacha kipoe. Akamgeukia. "Mzee, wewe si ulikuwepo? Ulisimama mbele yake. Niambie tu alikuwa anaangalia wapi, na macho ilikuwa namna gani. Ilikuwa kubwa? Ilikuwa ndogo? Nikijua hiyo tu, namaliza leo."

Mzee akafunga vifungo vya koti. Kisha akapandisha hasira mahali ambapo hakuna aliyemtukana.

"Yalikuwa macho ya mwanaume. Nyinyi watu mmetoka Murang'a mnajua nini ya kusimama kisu?"

"Hata sisi tunatahiri, mzee."

"Hospitali. Na sindano ya ganzi."

Wamboi akacheka, lakini niliuona mkono wake ukiacha ile panya ya kompyuta na kushuka mapajani. Mwaka ule "nyinyi watu" lilikuwa neno la kuchomea nyumba. Nikakasirika kwelikweli, nikamwambia mzee kwa lugha yetu kwamba huyu unayemsema ndiye anayehangaika kumwokoa mwanao, na kama ana njia nyingine aifuate. Akaomba radhi kwa sauti ndogo, akaondoka. Nilidhani hatarudi.

Jumamosi iliyofuata akarudi na Kizito mwenyewe. Mrefu, mpole, suruali imekuwa fupi kwake; nikaona kazi yangu hapo. Mzee akasema kijana apigwe picha mpya, macho yake mwenyewe yatolewe humo yabandikwe, basi.

Wamboi akamweka mbele ya kitambaa cha bluu, akawasha taa. "Nitazame hapa, vile ulikuwa unatazama siku ile."

Kijana hakutazama kamera. Alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama karibu nami, na macho yake yalikuwa yametulia, si makubwa wala si makali. Wamboi akashusha kamera.

"Hapa, Kizito. Kwa kamera."

"Siku ile sikuangalia kamera, madam."

"Uliangalia wapi?"

Kijana akatazama chini.

"Sema," mzee akasema. "Huyu mama anataka kumaliza kazi."

"Nitakuambia nyumbani, papa."

"Sema hapa. Hapa ndipo pesa yangu inakwisha."

Kizito akamtazama baba yake, kama anayempa nafasi abadilishe nia. Mzee hakubadilisha.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Kisu ikakuja, mimi nikakuangalia tu. Wewe ndiye ulifunga macho, papa. Ukafunga mpaka firimbi ikalia. Hiyo taa ya picha ilikuja baadaye, kisu ikiwa imeisha."

Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Nilitaka niwe popote duniani isipokuwa pale, maana kijana wa kwetu hamwambii baba yake neno kama hilo, tena mbele ya wanawake, tena mmoja wao, mimi, wa kwao. Nikaelewa kwa nini mzee hakuweza kumwelekeza Wamboi. Safari zote zile alikuwa anaulizwa kitu ambacho hakukiona.

Mzee akaketi kwenye benchi la wateja. Tulingoja ahamaki, hakuhamaki.

"Ulijua siku hizi zote?"

"Ndiyo, papa."

"Na baba yako mdogo akicheka wewe? Na wale wa shule?"

"Ningewaambia nini, papa?" kijana akasema. "Si wewe ni papa."

Hapo ndipo macho yaliponijaa machozi. Mtoto amebeba matusi ya mji mzima, neno la kumsafisha analo mdomoni, na analimeza kila siku ili baba yake atembee Kimilili kichwa kikiwa juu. Na watu wanamwita mwoga.

Mzee alikaa pale benchini hata nikafikiri ameugua. Mwishowe akamuuliza Wamboi, "Ile ya kwanza iko? Haujaharibu?"

"Iko, mzee. Ile huwa siigusi."

"Ichape hiyo. Kubwa."

Kizito akageuka. "Papa, hiyo watacheka."

"Wacha wacheke. Nitasimama pale chini yake niwaambie ni nani alifunga."

Wamboi akaifungua. Mkono wake, kwa mazoea, ukaenda penyewe upande wa shingoni palipokuwa na giza. "Nipunguze hata hii kivuli kidogo?"

"Usiguse, mama."

Akaichapa. Mzee aliitazama ilivyokuwa ikitoka, inchi kwa inchi, matope, nyusi, kope zilizoshikana, na sikuliona jicho lake likikimbilia popote. Wamboi naye alimtazama yeye badala ya picha. Alipoitia kwenye fremu, hakusema "ngoja kidogo."

Nilitoa gazeti kuukuu niwafungie isipate vumbi. Mzee akalikataa. Kizito akanyoosha mikono ampokee, kama inavyompasa kijana.

"Lete," mzee akasema, akaikumbatia kifuani, upande wa picha ukiangalia nje. "Hii nabeba mimi."