Maji ya Chumvi Uwanjani

Jumanne ya wiki jana nilimpoteza mama. Jana, nyumbani kwake Kitengela, niliona magugu yameota kati ya mawe ya uwanja, na alasiri moja ya utoto ikanirudia.

Wageni kutoka Kiserian walikuwa wanakuja kumposa dada Kalekye, na uwanja wetu ulikuwa msitu. Pesa ya dawa ya magugu haikuwepo. Mama alichemsha maji kwa sufuria kubwa, akatia chumvi nyingi, akamimina kati ya mawe. Magugu yalilia shii, mvuke ukanuka kama sukuma wiki. Leo najua maji hayo huua magugu. Siku hiyo niliona anapika.

“Mama, nani atakula?”

“Wakwe wa dada yako,” alijibu bila kucheka.

Nilimwamini. Kwa hivyo mbuzi wa jirani waliponusa chumvi na kuingia mbio, nilipiga kelele: “Mama! Mbuzi wanamaliza chakula cha wakwe!”

Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimaasai, jirani mwenye mbuzi, alifika akihema. “Mama Kalekye, umewaalika mbuzi wangu karamu?”

“Waache wamalize. Lakini mavi utafagia wewe!”

Walitafuna kila jani, wakaramba mawe mpaka yakang'aa. Honi ikalia langoni. Yeyo akanyakua ufagio, mama akachukua mwingine, nami nikawafukuza mbuzi, sote tukicheka mpaka machozi.

Mzee wa kwanza kuingia alisimama, akautazama uwanja, kisha akainama akavua viatu ili asiuchafue.