Majani ya Boga la Mashindano

Mwaka ambao mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Pemba, nilikuwa ninalea boga. Sisemi kulima, nasema kulea. Nyumba yetu ya huku ugenini, Rayners Lane, ina kibustani nyuma, na majira yote ya joto nilikiacha kwa mmea mmoja. Matunda mengine niliyachuma yangali machanga ili nguvu zote ziende kwa hilo moja. Nililitandikia nyasi kavu lisioze chini, nikalifunika shuka jua lilipokuwa kali, na jioni nikirudi kazini nililisalimia boga kwanza, mke wangu baadaye. Mwenyewe aliliona hilo, na hakulinyamazia.

Sababu ilikuwa mashindano. Wenye bustani wa upande wa Harrow hufanya maonyesho kila Septemba katika ukumbi wa kanisa, na boga kubwa kuliko yote hufungwa utepe mwekundu. Mwaka uliotangulia nilikwenda kutazama tu, nikamwona mzee mmoja wa Kiingereza, mrefu, kavaa tai yenye picha za karoti, amesimama kando ya boga lake lenye utepe kama bwana harusi. Nilirudi nyumbani na wivu ambao sikujua kama ninao.

Mama mkwe akafika mwishoni mwa Agosti. Kwetu, mama mkwe habishiwi. Hata kochi alilozoea kukaa, mimi silikaribii. Tulikuwa tukizungumza kwa adabu hadi mke wangu akachoka kutusikiliza: shikamoo mama, marahaba baba, karibu chai, ahsante baba, karibu tena mama.

Siku moja nikarudi kazini na njaa yangu, nikakuta nyumba nzima inanukia nazi. Mezani kulikuwa na wali, samaki wa kukaanga, na bakuli la majani yaliyopikwa kwa tui zito, laini, yanateleza yenyewe. Tangu niondoke Unguja sikuwa nimekula mboga kama ile. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

"Mama, mboga hii umeipata wapi? Mmekwenda sokoni Harrow?"

"Harrow kufanya nini, baba? Si hapo nje yamejaa tele! Yanazeeka bure, hakuna mtu wa kuyachuma."

Tonge likasimama hewani. Mke wangu akainamia sahani yake, mabega yanamtikisika.

"Na boga lenyewe, mama?"

"Boga nimekuachia. Halijaiva lile."

Nikanawa mkono, nikatoka nje kama mtu anayekwenda kupunga upepo. Mmea mzima ulikuwa vikonyo vitupu. Katikati yake boga limekaa juu ya kitanda chake cha nyasi, uchi, linanitazama.

Mke wangu akanifuata mlangoni. "Pole," alisema, akijikaza asicheke. "Nilikuwa kazini, wallahi. Lakini hata ningekuwapo, ningemwambia nini? Mama, usiguse, huyo mke mwenzangu?"

Nikarudi ndani, nikakaa. Nikamwambia mama mkwe mboga ni tamu sana, na kama imebaki, aniongeze.

Tangu siku hiyo boga halikukua hata kidogo. Mimi nilikwisha kata tamaa, lakini mama mkwe alisikia habari za maonyesho na akataka kwenda. Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa kaondoka na gari kwenda kazini, kwa hiyo boga nikalipakia kwenye kigari cha zamani cha mtoto, nikalifunika kishuka, tukapanda basi. Dereva alituteremshia ule ubao wa vigari kwa heshima zote. Bibi mmoja aliyekaa jirani akainama amwone mtoto. Akafunua kishuka. Akanitazama usoni, akasema neno moja, kisha akakifunika taratibu.

"Kasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Kasema limependeza, mama."

Ukumbini, boga langu liliwekwa karibu na la yule mzee, likaonekana kama mwanawe. Utepe akafungiwa yeye tena. Mama mkwe akalizunguka boga la mshindi, akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Muulize majani yake kayapeleka wapi."

Nikamuuliza. "Anasema huyatupa yaoze yawe mbolea, mama."

Akashika kifua. "Yote?"

"Yote."

"Mwambie nampa pole."

Nikamwambia mzee kwamba mama anampa hongera. Mzee akainamisha kichwa kwa furaha, akaigusa tai yake.

"Na mwambie tutakuja kuyachukua."

Hapo sikuwa na pa kukwepea, nikalitafsiri neno kama lilivyo. Mzee akafikiri kidogo, akasema boga limeshakatwa, majani hana haja nayo tena, karibuni kesho.

Kesho yake mama mkwe alijifunga kanga kiunoni akaingia kwenye shamba la mshindi. Mzee alimshikia mifuko. Huyu anasema Kiswahili, huyu Kiingereza, na mimi wakanisahau kabisa. Mama mkwe alimwonyesha jinsi ya kumenya nyuzi za vikonyo, na nilipogeuka nikamkuta mzee kaketi juu ya ndoo, anamenya, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumapili akaja kula kwetu, na tai yake ileile. Mboga aliongeza bila kukaribishwa. Alituletea pia kipande kikubwa cha boga lake, na mama mkwe akakipika kwa nazi, sukari na iliki kama futari ya Ramadhani. Mzee akakisifu chakula hadi alipoaga.

Mlango ulipofungwa tu, mama mkwe akanigeukia. "Baba, lile maji matupu. Nimetia sukari mpaka nimeona haya. Kesho tupike lako."

Nikalikata mwenyewe. Ndani lilikuwa jekundu, kavu, na harufu yake ikajaa jikoni kabla halijagusa moto. Tulilila lote, na kila nilipotia kipande kinywani mke wangu alinipa pole ya mke mwenzake, akaniuliza kama ninaendelea vizuri.