Sikio la Epagatho

Epagatho nilimfahamu nilipokuwa mbeba mkaa katika kiwanda cha sarafu za shaba, pale mlimani Kaelio, Roma. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja tu: kutoa kipande cha shaba tanurini kwa koleo na kukilaza kwenye fuawe, juu ya muhuri wenye uso wa Kaisari, akishahakikisha sarafu iliyotangulia imetoka. Bato alikibana kwa muhuri wa pili, wenye mama aliyeshika mizani, akashusha nyundo, kisha akaifagia sarafu kapuni. Huyu Bato, mtu wa Dalmatia aliyekuwa na mwezi mmoja tu kiwandani, alikuwa na mikono kama mihimili na mdomo usiofungwa. Kila pigo na wimbo wake.

Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Tulijua, tukanyamaza.

Asubuhi moja msimamizi akaokota kapuni sarafu isiyo na mama wa mizani. Huku Kaisari, na huku Kaisari yuleyule amebonyea ndani, kama unyayo kwenye tope. Sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye muhuri wa juu, wakapigia juu yake bila kujua.

"Epagatho, macho yamekwisha. Kesho uende ukachambue mkaa."

Mzee akakumbatia koleo lake. "Bwana, macho yalikwisha tangu mwaka juzi. Mbona kosa ni la leo?"

"Enhe, mbona?"

"Mwambie Bato afunge mdomo mpaka saa ya kula. Na wewe simama hapa uangalie."

"Babu, unataka kuniua!" Bato akalalamika.

"Hufi, mwanangu. Utapumua tu, kwa mara ya kwanza."

Wakaanza. Nyundo ko! halafu kapuni kli. Ko! kli. Mamia kwa mamia. Msimamizi kakodoa macho, jasho linamtiririka puani. Jua lilipokaribia utosini, ko! na koleo la mzee likasimama hewani.

"Zuia nyundo! Sarafu haijashuka kapuni."

"Imeshuka bwana, nimeiona mimi," akasema msimamizi.

"Geuza muhuri."

Bato akaugeuza. Kaisari alikuwa humo, amenasa, anatutazama.

Msimamizi akaibandua kwa kisu chake, akaidondosha kapuni, akatega sikio. Kli.

"Baki hapohapo," akamwambia mzee.

Tangu siku hiyo Bato alizihamishia nyimbo zake kwenye dengu zetu za mchana. Aliimba mdomo umejaa, na Epagatho ndiye aliyemwitikia.