Mabango Ndani ya Mkeka wa Wageni

Mabango yangu niliyaficha ndani ya mkeka. Yalikuwa matatu, ya zile katuni fupi za zamani zilizokuwa zikioneshwa kabla ya filamu kubwa, wakati Chake Chake bado kuna sinema. Niliyapata kwa mama mmoja aliyekuwa ameyatandika kwenye kabati lake la vyombo. Nilimpa karatasi mpya za maua tukabadilishana, naye akaniona sina akili.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, na kutwa nikiwaza pa kuyaweka. Ukutani haikuwezekana, mama hataki picha za viumbe katika nyumba inayosaliwa. Chini ya kitanda kuna unyevu, darini kuna panya. Mwisho nikayaviringisha ndani ya mkeka wa wageni, ule wa rangi unaosimama pembeni ya ukumbi mpaka Idi. Nilifikiria mchwa, mvua, hata watoto wa jirani. Sikufikiria kwamba watu hufa.

Mume wa shangazi yangu alipofariki Pujini, mie nilikuwa Unguja kwenye usaili wa kazi. Nilirudi nyumbani Wawi siku ya hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, nikakuta pembe tupu.

"Mama, mkeka uko wapi?"

"Umekwenda Pujini asubuhi, pamoja na mikeka ya majirani. Kaoge twende, usinicheleweshe."

Njia nzima nilimwona shehe mawazoni akikunjua mkeka mbele ya wanaume, na paka wa bangoni aliyevaa suruali akiteleza mpaka magotini pake. Nikaanza kutunga maelezo. Nikayatunga upya, kwa heshima zaidi. Halafu nikawaza jambo baya kuliko aibu: kwamba hakuna aliyejali, wameyaona makaratasi machakavu wakayatupa jikoni.

Tulipofika, wanaume walikuwa wameshakaa chini ya turubai wanasoma. Mkeka wetu niliujua kwa rangi zake. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti juu yake, anayumba taratibu. Mabango sikuyaona.

Nikazunguka uani. Mwanamke mmoja alikuwa akipepea moto wa sufuria la pilau kwa karatasi ngumu yenye rangi nyekundu na manjano. Nikamsogelea mpaka karibu nimkanyage.

Lilikuwa boksi la biskuti.

"Nini weye, wataka kupepea?" akaniuliza.

"Samahani, hamkuona makaratasi ndani ya mkeka? Mabango, yana picha."

Wenzake waliokuwa wakimenya vitunguu wakatazamana. "Yakhe, huyu kaja hitma au kaja sinema?" mmoja akasema, wakacheka kwa kujiziba midomo. "Nenda ndani kwa shangazi yako. Yuko nayo."

Shangazi alikuwa chumbani, amekaa kitandani, ameanza eda ya ujane. Nilimpa pole, nikamshika mkono, na sikujua niulize vipi jambo kama lile kwa mtu kama yeye siku kama ile. Akaniokoa.

"Paka wako ni huyu hapa," akasema, akainua pembe ya godoro. Yalikuwa yamelala yote matatu, yamenyooka, hata mkunjo hayana.

"Wanaume wameyaona?"

"Wayaone wapi? Mkeka hukunjuliwa uani kwanza, ukapigwa vumbi, ndipo ukatoka nje. Weye umekulia nyumba gani?"

Kila mtoto wa kike Pemba amepiga mikeka vumbi. Mie mwenyewe nimepiga mingi. Katika mawazo yangu yote ya siku ile, hilo halikuwamo.

Shangazi akalitazama bango la juu. "Anakimbia nini?"

"Kuna mbwa huku nyuma, na kikaango."

"Atampata?"

"Hampati, shangazi. Hizi ni fupi, zinakwisha bado wanakimbizana."

Akatoa kicheko kidogo puani, akakifuta upesi kwa ncha ya mtandio. Nikaanza kuwaza kama nimemtia dhambini, mjane wa siku chache. Kabla sijafika mbali, mama akaniita kutoka uani: chakula kinapakuliwa.

Nikainama kuyatoa mabango.

"Yaache," shangazi akasema. "Mikono yako itakuwa na mafuta. Utayachukua ukiondoka."

Akaliteremsha godoro, akarudi kukaa juu yake kwa uzito wake wote. Nikatoka uani, nikakaa na wale wamenya vitunguu kwenye sinia moja. Nilikula sana. Waliniuliza usaili ulikwendaje, na nikagundua kwamba tangu niteremke bandarini sijaukumbuka hata mara moja.